Hesabu Nazo Zina Kwao

Leo tutazungumza habari za hesabu. Najua wapo ambao mkono umekwisha kwenda kwenye kitufe cha redio ili watafute muziki. Nawaomba wasubiri kidogo. Sitampa mtu mtihani, wala sitasahihisha daftari la mtu.

Ukitoka Mpanda mjini kwa njia ya Sumbawanga, ukaipita Sitalike na kulivuka pori la Hifadhi ya Katavi, unatokea Kibaoni, katika nchi ya Mpimbwe. Ndiko alikozaliwa mwaka 1948 Waziri Mkuu mstaafu, Mzee Mizengo Pinda. Ni nchi ya mpunga, ya mahindi na ya asali. Siku moja baada ya mavuno nilikuwa nimekaa barazani kwa mkulima mmoja wa huko, mtu mzima. Akaja mnunuzi aliyetaka mahindi yote ya mzee kwa mkupuo mmoja, yakiwa humo humo kihengeni. Alikizunguka kihenge, akakigonga kwa fimbo hapa na pale, kisha akasema, "Mzee wangu, humu mna magunia 35. Nikulipe leo hii, tumalizane."

Mzee alinyamaza kidogo. Halafu akamgeukia kijana wake aliyemaliza kidato cha nne. "Mwanangu, wewe umesoma. Humu mna magunia mangapi?"

Kijana akatazama chini. "Baba," akasema, "hesabu mimi zilinikataa."

Ndugu wasikilizaji, jibu lile limenikaa moyoni. Kijana yule alikaa darasani miaka 11. Alifundishwa duara, kipenyo, mzingo na ujazo. Pai aliiandika daftarini mara nyingi kuliko jina la kijiji chake. Lakini siku baba yake alipomhitaji, mbele ya kihenge ambacho ni duara tupu tangu chini hadi juu, hakuona uhusiano wowote kati ya kile alichosoma na kile alichokuwa akikitazama. Na hasara ilikuwa imekwisha piga hodi.

Kijana huyo hayuko peke yake. Kwa miaka mingi Hisabati limekuwa somo linaloongoza kwa kuangusha watahiniwa wa kidato cha nne hapa nchini. Wachache wanaolimudi huendelea mbele, wakawa wahandisi, wahasibu na walimu wa hesabu. Hao leo siwasemi. Njia yao wanaijua. Nawasema wale wengi waliobaki: bwana shamba, muuguzi, mwalimu wa Kiswahili, fundi seremala, mama wa genge, mfugaji wa nyuki. Hawa hawatakuwa wanahisabati, lakini watahesabu kila siku ya uhai wao. Je, tuwafundishe nini, na kwa njia gani, ili hesabu zisiwakatae?

Mimi naona liko jibu moja ambalo hatujalipa nafasi ya kutosha katika madarasa yetu. Jibu hilo ni historia. Watoto wetu tunawafundisha historia ya vita, ya ukoloni na ya uhuru. Lakini hesabu tunawafundisha kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni siku moja, zikiwa zimekamilika na kufungwa ndani ya kitabu. Na kitu kilichoshuka mbinguni hakiulizwi. Ama unakipokea, ama kinakukataa.

Ukweli ni kwamba hesabu nazo zina kwao. Zilizaliwa mahali fulani, mikononi mwa watu, kwa sababu ya shida fulani. Watu hao walikosea, wakasahihishana, wakarithishana. Mwanafunzi akilijua hilo, anapata ruhusa ambayo wengi wetu hatukuipata: ruhusa ya kuuliza kwa nini, nani alisema, na je, kama alikosea?

Hata hivyo, historia ya hesabu inaweza kufundishwa vibaya, na ziko njia mbili za kuiharibu. Ya kwanza ni kuifanya orodha ya majina na miaka. Fulani alizaliwa lini, alivumbua nini, alikufa lini. Mwanafunzi aliyekuwa na mzigo mmoja sasa anakuwa na miwili. Njia ya pili ni ya kujisifu, nayo inatupendeza zaidi, kwa hiyo ni ya hatari zaidi.

Nitoe mfano. Lile Bonde la Ufa la magharibi, lenye Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, ukilifuata kwenda kaskazini utafika Ziwa Edward, mpakani mwa Kongo na Uganda. Mahali paitwapo Ishango, upande wa Kongo, mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua mfupa mdogo wenye chale zilizopangwa kwa mafungu katika safu tatu. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi, na leo umehifadhiwa Brussels. Safu moja ina mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila safu kati ya hizo mbili, utapata 60.

Mwalimu mwenye haraka atatangaza: "Waafrika ndio waliovumbua hesabu, andikeni!" Darasa litapiga makofi, litakwenda nyumbani, na kesho hesabu zitawakataa kama zilivyowakataa jana. Mwalimu mwenye subira atazichora chale zile ubaoni, kisha atauliza: aliyechonga hizi alikuwa akihesabu nini? Wataalamu wenyewe hawakubaliani. Wako walioona humo mchezo wa namba. Alexander Marshack aliona kalenda ya kufuata mwezi. Na wako wasemao chale zile huenda zilichongwa tu ili mfupa usiteleze mkononi. Mwanafunzi wa Kibaoni ambaye amewahi kumwona bibi yake akichora mistari ya mkaa ukutani ili asisahau idadi ya madebe ana haki ya kutoa neno lake katika baraza hilo. Akilitoa, amekwisha kuanza kufikiri kihesabu, hata kabla hajaambiwa afungue kitabu.

Sasa turudi kwenye kihenge cha mzee wetu. Yapata miaka 3,500 iliyopita, huko Misri, karani mmoja aliyeitwa Ahmose alinakili kitabu cha hesabu juu ya karatasi ya mafunjo. Mwaka 1858 Mskoti aliyeitwa Alexander Henry Rhind alikinunua mjini Luxor, na sehemu yake kubwa leo imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Ndani ya kitabu hicho hamna maneno makubwa. Mna mikate ya kugawanywa kwa watu 10, mna mashamba ya kupimwa, na mna maghala ya nafaka. Hesabu mojawapo ni ya ghala la mviringo lenye kipenyo cha mikono 9 na kimo cha mikono 10. Je, linaingiza kiasi gani? Na mkono huo ni mkono kweli, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole, kama ilivyokuwa dhiraa ya wazee wetu.

Ahmose hakuwa na pai. Alifanya hivi: chukua kipenyo, ondoa sehemu yake moja ya tisa, kinachobaki kizidishe kwa chenyewe. Hilo ndilo eneo la duara. Kisha zidisha kwa kimo. Tisa ukiondoa moja hubaki nane. Nane mara nane ni 64. Mara kumi ni 640. Basi.

Siku ile pale Kibaoni tuliazima futi ya fundi ujenzi. Kwa ndani, kihenge kilikuwa na upana wa mita 1.8, na mahindi yalikuwa yamejaa hadi kimo cha mita 2. Nikamwambia kijana afanye kama karani wa Misri. Moja ya tisa ya 1.8 ni 0.2. Ukiiondoa, inabaki 1.6. Zidisha 1.6 kwa 1.6, unapata 2.56. Mara kimo cha mita 2, ni mita za ujazo 5.12, yaani lita 5,120. Debe ni lita 20, kwa hiyo humo mlikuwa na debe 256. Kwa gunia la debe sita, ni magunia 42 na debe nne.

Kijana akakumbuka pai ya shuleni. Akairudia hesabu kwa njia ya darasani, akapata debe 254 na nusu. Kati ya karani wa miaka 3,500 iliyopita na kitabu cha shuleni, tofauti ilikuwa debe moja na nusu. Kati ya hesabu zote mbili na jicho la mnunuzi, tofauti ilikuwa magunia saba.

Sitasema mnunuzi yule alikusudia kudhulumu. Jicho hukosea. Ila ajabu ya jicho la mnunuzi ni kwamba huwa halikosei kwa kuzidisha. Ndugu zangu wakulima mnalifahamu gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu mpaka gunia moja linabeba karibu mawili. Serikali imelipiga vita kwa miaka mingi, na Wakala wa Vipimo wanalikemea. Lakini sheria humlinda zaidi mtu anayejua kwamba anaibiwa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba hata daftari halisaidii kama mwenye nalo anaogopa kulifungua.

Baada ya hesabu ile, kijana alisema neno lililonifurahisha kuliko magunia saba. Aliuliza, "Lakini kwa nini moja ya tisa? Kwa nini si moja ya nane, au moja ya kumi?" Miaka 11 darasani hakuwahi kuuliza pai imetoka wapi. Sasa alikuwa akimhoji Ahmose kana kwamba ni jirani yake. Tukajaribu. Ukiondoa moja ya nane, kihenge kinapungua, unapata debe 248. Ukiondoa moja ya kumi, kinazidi, unapata debe 262. Moja ya tisa ndiyo inayokaribia kweli. Hapo kijana akaelewa kwa akili yake mwenyewe kwamba watu walitafuta, wakajaribu, wakapima, mpaka wakalipata. Na kama watu walilitafuta, basi na yeye ni mtu.

Hayo ndiyo ninayoyaita kufundisha historia ya hesabu. Hatukukariri jina la mfalme wa Misri. Tulichukua shida ya mtu wa kale, tukaitatua kwa njia yake, kwa vitu vya hapa kwetu, kisha tukauliza kwa nini.

Tena si lazima kwenda Misri. Nenda sokoni Kibaoni usikilize watu wanavyohesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano: haya ni maneno ya Kibantu. Tukifika sita na saba tunaingia katika Kiarabu. Nane inaturudisha nyumbani, tisa inatutoa tena, na kumi inatupokea. Ishirini, thelathini, mia na elfu ni za Kiarabu, na laki imevuka bahari kutoka Bara Hindi. Kabla ya hapo Waswahili walikuwa na mtandatu, mfungate na kenda. Kenda mpaka leo wapo wanaoitumia. Mfungate umebaki katika fungate, zile siku saba za maharusi. Mwalimu akiwapa wanafunzi kazi ya kwenda kuwauliza babu na bibi zao jinsi ya kuhesabu kwa Kipimbwe, Kikonongo, Kibende, Kifipa na Kisukuma, wataleta darasani historia ambayo haimo katika kitabu chochote walichonacho.

Na sifuri je? Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, likiwa na maana ya kitu kitupu. Waarabu walikuwa wamejifunza alama yake kwa Wahindi, ambako mwaka 628 mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa kutumia sifuri. Ulaya ilichelewa kuipokea. Mmoja wa walioipeleka huko alikuwa Leonardo wa Pisa, ambaye wengi humwita Fibonacci. Alijifunza tarakimu hizo akiwa kijana katika bandari ya Bugia, katika Algeria ya leo, ambako baba yake alisimamia mambo ya wafanyabiashara wa Pisa. Mwaka 1202 akaandika kitabu juu yake. Wafugaji wa nyuki wa Katavi wasikilize hapa: bandari ile ilisifika kwa kuuza nta, hata Wafaransa mpaka leo huuita mshumaa kwa jina la mji huo. Kwa hiyo Mzungu huyo alijifunza kuandika namba tunazozitumia leo akiwa Afrika, katika mji wa nta.

Lakini huko Ulaya hazikupokelewa kwa shangwe. Mwaka 1299 chama cha wabadili fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu zao kwa tarakimu hizo. Sababu inayotajwa sana ni hofu ya udanganyifu: sifuri ukiiongezea mkia inakuwa sita au tisa. Mwanafunzi anayeogopa namba akisikia kwamba hata matajiri wa Florence waliziogopa, naye anacheka, na anayecheka ameanza kupona.

Nimewataja wafugaji wa nyuki, na hapo ndipo Kibaoni inapotupa somo kubwa zaidi. Mzee Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, alihimiza sana ufugaji wa nyuki. Leo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko huko mkoani Katavi, na ufugaji wa nyuki ni miongoni mwa masomo yanayofundishwa. Mwanafunzi wa namna hiyo ndiye hasa ninayemsema. Hakuja chuoni kuwa mwanahisabati. Amekuja kujifunza mizinga, maua, magonjwa ya nyuki na soko la asali. Utamfundishaje historia ya hesabu asione kwamba unampotezea muda?

Mpe sega la asali mkononi. Mwulize kwa nini vyumba vyake vina pembe sita. Swali hilo si geni. Yapata miaka 1,700 iliyopita, Alexandria ya Misri, mwanahisabati Pappus alilitafakari katika kazi yake. Alieleza kwamba ukitaka vyumba vyenye pande zilizo sawa, vinavyopangika bila kuacha nafasi katikati, umbo linaweza kuwa la pembe tatu, la mraba, au la pembe sita, basi. Nyuki wamechagua lile linaloingiza asali nyingi zaidi kwa nta ile ile. Mwanafunzi anaweza kulihakikisha mwenyewe kwa kalamu na rula. Chora kila umbo liwe na eneo la sentimita moja ya mraba. Pembe tatu itahitaji mzingo wa sentimita 4.56, mraba sentimita 4, na pembe sita sentimita 3.72. Kwa nyuki, ambaye nta humgharimu asali, hiyo si tofauti ndogo.

Lakini kisa hakikuishia kwa Pappus. Yeye alilinganisha maumbo yenye pande sawa tu. Je, ikiwa mtu ataruhusu maumbo ya kila namna, yaliyopinda na yasiyopinda? Kila mtu aliamini kwamba nyuki angeshinda bado, lakini kuamini si kuthibitisha. Uthibitisho kamili ulitolewa mwaka 1999 na Mmarekani Thomas Hales. Hebu fikirini: swali lililoulizwa katika ardhi ya Afrika lilisubiri jibu kwa zaidi ya miaka 1,600, na lilipojibiwa, wengi wanaonisikiliza sasa walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Nani basi atasema hesabu ni kitu kilichokwisha zamani?

Kuna na kisa cha makosa, ambacho mimi nakipenda zaidi. Mwaka 1739 mwanahisabati Samuel Koenig aliombwa akokotoe pembe zinazofaa kwa kitako cha chumba cha sega ili nta itumike kidogo kabisa. Jibu lake lilitofautiana na vipimo vya sega lenyewe kwa sehemu ndogo mno ya digrii, dakika mbili tu. Ilionekana kama nyuki ndiye aliyekosea. Baadaye ikagunduliwa kwamba nyuki alikuwa sawa, na aliyekosea hesabu ni Koenig. Watu wakamsifu nyuki kuwa ni mjuzi asiyekosea. Ndipo mwaka 1964 László Fejes Tóth wa Hungaria akaonyesha kwamba liko umbo jingine la kitako linalookoa nta zaidi kidogo kuliko la nyuki, ingawa faida yake haifiki hata nusu ya asilimia moja. Mwanafunzi aliyezoea kuona kosa likipigiwa mstari mwekundu na kiboko juu yake, akisikia kisa hiki anajifunza kwamba katika hesabu kosa ni hatua ya safari, mradi yuko atakayelipima upya.

Nilipoyaeleza haya kwa rafiki yangu mmoja mwalimu, alinipinga kwa nguvu, na ni haki nitoe hoja zake. Ya kwanza ni ya muda. Muhtasari ni mrefu, darasa lina wanafunzi wengi, na mtihani hauulizi habari za Ahmose. Namjibu kwamba sisemi pawe na kipindi kipya. Kihenge cha Ahmose ni somo lile lile la eneo na ujazo lililomo katika muhtasari, ila limeingiwa kwa mlango mwingine. Dakika 10 za mwanzo zinatosha. Na mwanafunzi aliyeuliza kwa nini hasahau haraka kama aliyekariri.

Hoja yake ya pili ilikuwa hii: dunia ya leo ni ya kompyuta, sisi tunawarudisha vijana kwa makarani wa mafunjo. Nilimwomba kipande cha chaki. Ahmose alizidisha kwa kuongeza maradufu. Akitaka 13 mara 24, huandika 24, kisha 48, kisha 96, kisha 192, yaani mara moja, mara mbili, mara nne, mara nane. Kwa kuwa 13 ni nane na nne na moja, anajumlisha 192, 96 na 24, anapata 312. Kompyuta nayo ndani yake huhesabu kwa msingi huo huo wa mbili mbili. Rafiki yangu akatazama ubao kwa muda, akasema atalijaribu darasani. Sikumshinda kwa hoja. Alishindwa na 312.

Jambo hili si ndoto yangu peke yangu. Mwalimu wa Kimarekani, Claudia Zaslavsky, mwaka 1973 alitoa kitabu kilichokusanya namna Waafrika wa kusini mwa Sahara wanavyohesabu, kucheza na kupanga maumbo, akiwa na shabaha ya darasa. Na jirani zetu wa Msumbiji, baada ya uhuru wa mwaka 1975, walikuwa na Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha huko hadi alipofariki mwaka 2014. Yeye aliwaonyesha walimu jinsi mwanakijiji anavyoweka msingi wa nyumba. Huchukua kamba mbili zenye urefu ulio sawa, akazifunga pamoja katikati, akavuta ncha zake, na ncha nne zikawa pembe nne za nyumba iliyonyooka. Ndani ya kamba hizo mna kanuni ya mstatili inayowatesa watoto shuleni. Mjenzi anaijua, ila hajawahi kuambiwa kwamba anachokijua ni hesabu.

Tukumbuke pia tulikotoka. Miaka ya 1960 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya hesabu za kisasa kwa ajili ya shule za Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizovijaribu. Nia ilikuwa njema. Lakini vilianzia kwa bingwa, pale hesabu zilipofika, badala ya kuanzia kwa mtoto, pale zilipotoka. Vitabu hivyo havikudumu. Tusilirudie kosa hilo kwa kila mtindo mpya unaoingia.

Ombi langu ni dogo. Mwalimu wa hesabu, kila unapoanza mada mpya, jiulize: shida hii ilimpata nani kwanza, na hapa kijijini kwetu inampata nani leo? Ukipata majibu mawili hayo, somo umekwisha lipata. Nawe mzazi, mtoto akikwambia hesabu zimemkataa, usimjibu kwamba hata wewe zilikukataa. Mpe debe, mpe kamba, mpeleke penye kihenge.

Mnatamani kujua mwisho wa biashara ile. Mzee hakugombana na mtu. Alimwambia mnunuzi kwa upole, "Bwana, nitakuuzia, lakini tutapima kwa debe." Walipima hadi jioni. Yalitoka magunia 42 na ushei. Kijana ndiye aliyekuwa akiandika, na kila gunia lilipojaa alipiga mstari mmoja kwa mkaa ukutani. Haba na haba hujaza kibaba.